Walimu wa upinde: mbona tunamkumbuka mwanafunzi na kumsahau aliyemfundisha?

Mwanzisha uzi:

Wanajukwaa, salaam.

Kila unapozuka mjadala kuhusu uwindaji wa upinde wa jadi, majina yanayotajwa kwanza ni yale yale ya Wamarekani: Fred Bear, Howard Hill, Saxton Pope na Art Young. Ninawaheshimu wote wanne na sina nia ya kumshusha yeyote kati yao. Hata hivyo, kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia nani alifundishwa na nani, na kadiri ninavyorudi nyuma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba orodha yetu ya watu wa kuigwa imewaacha nje wale waliokuwa na ujuzi wenyewe.

Chukueni mfano wa Fred Bear, ambaye huenda ndiye anayefahamika kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1902 huko Pennsylvania, akahamia Detroit kutafuta kazi katika viwanda vya magari, na mwaka 1927 akatazama filamu ya Art Young kuhusu uwindaji wa upinde kule Alaska. Baadaye walikutana ana kwa ana, na Young akamwonyesha namna ya kuchonga upinde, kutengeneza upote (kamba ya upinde) na kuunda mishale. Mwaka 1933 Bear alianzisha kampuni iliyokuja kuwafikishia upinde Wamarekani wa kawaida. Kwa hiyo Bear alikuwa na mwalimu, na mwalimu huyo alikuwa Young. Young naye aliingizwa katika upinde na Will Compton, mtu ambaye tangu ujana wake alikuwa amejifunza kwa Wasioux, wenyeji wa asili wa Marekani. Compton hatajwi sana nje ya duru za wapenzi wa upinde, lakini bila yeye sidhani kama tungemjua Young.

Sasa tuje kwa Pope, maana hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe.

Saxton Pope alikuwa daktari wa upasuaji na mwalimu katika chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha California, mjini San Francisco. Jirani na hospitali yake palikuwa na jumba la makumbusho la chuo, na ndani yake aliishi mtu aliyeitwa Ishi. Tarehe 29 Agosti 1911 mtu huyu alikuwa amepatikana kwenye uzio wa machinjio karibu na mji wa Oroville, akiwa amedhoofika kwa njaa na nywele zake zimeunguzwa kwa ajili ya kuomboleza waliokufa. Alikuwa Myahi, yaani mtu wa Wayahi, wenyeji wa asili wa California. Watu wake walikuwa wameuawa na walowezi katika miongo ya katikati ya karne ya 19, na wachache waliosalia walijificha kwa takriban miaka 40 katika mabonde ya Deer Creek na Mill Creek hadi akabaki yeye peke yake. Wanaanthropolojia Alfred Kroeber na Thomas Waterman ndio waliomleta mjini. Hata jina Ishi alipewa na Kroeber, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulitamka jina lake.

Pope alikuwa daktari wake kwanza, kisha akawa mwanafunzi wake. Mambo aliyofundishwa aliyaandika kwa uangalifu mkubwa, na hilo ni jambo la kumshukuru. Tunajua kwamba upinde wa Ishi ulikuwa mfupi, kiasi cha sentimita 107 hivi, wa mti wa mreteni wa milimani, uliobandikwa kano za kulungu mgongoni kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi ya samaki. Kano zile alizitafuna mdomoni mpaka zikalainika ndipo akazipanga. Uzito wa kuuvuta ulikuwa takriban kilo 20 tu. Mishale aliinyoosha kwa kupitisha kila kijiti juu ya makaa na kukikandamiza kwa dole gumba mpaka kikanyooka.

Vigumba, yaani ncha za mishale, alivichonga kwa jiwe la volkano lenye weusi wa kioo, na hata kwa vioo vya chupa alivyovipata mjini. Aliweka kipande cha jiwe kwenye kiganja kilichokingwa kwa ngozi, akakandamiza ukingo wake kwa ncha ya pembe ya kulungu, na vijipande vikawa vinabanduka kimoja baada ya kingine. Kijipande kikimwingia jichoni, aliinama, akaivuta chini kope ya chini kwa kidole cha mkono wa kushoto, kisha akajipiga utosini kwa mkono wa kulia ili kianguke chenyewe. Hilo Pope aliliandika pia. Mimi huona kwamba mtu anayeandika jambo dogo namna hiyo alikuwa amekaa karibu na mwalimu wake kweli kweli, akimtazama kwa muda mrefu.

Ishi alikuwa na miiko ya upinde ambayo sisi wa leo tungefaidika nayo. Upinde usioutumia hukuusimamisha. Uliulaza, kwa sababu ukiwa wima unaendelea kufanya kazi na kuchoka. Haukurukwa wala haukuachwa uchezewe na watoto. Kabla ya kwenda kuwinda hakugusa tumbaku wala samaki, na asubuhi ya safari alioga, akajisugua kwa majani yenye harufu na kuondoka bila kula. Akiwa porini aliweka vidole mdomoni na kutoa sauti ya sungura aliye taabuni, na sungura wakaja wenyewe, na wakati mwingine akaja paka mwitu akidhani amepata chakula. Angeweza kutumia nusu siku kumkaribia mnyama mmoja.

Mwezi Mei 1914 Kroeber, Waterman, Pope na mtoto wa Pope walikwenda pamoja naye Deer Creek, kwenye bonde alilokuwa amejificha. Kule hapakuwa na profesa wala daktari. Mwenye kujua alikuwa mmoja tu, na wengine wote walimfuata nyuma.

Ishi alifariki kwa kifua kikuu tarehe 25 Machi 1916. Kroeber, ambaye wakati huo alikuwa New York, aliandika barua akisisitiza kwamba mwili usipasuliwe. Ulipasuliwa, katika hospitali ile ile aliyokuwa Pope akifanyia kazi, na ubongo ukaondolewa na kupelekwa Taasisi ya Smithsonian. Rafiki zake waliweka ndani ya jeneza upinde wake, mishale, unga wa matunda ya mwaloni na tumbaku, kisha mwili ukachomwa. Ubongo ulikaa ghalani hadi mwaka 2000, ndipo wenyeji wa asili wa California, wa jamii za Redding Rancheria na Pit River, walipokabidhiwa na kuuzika.

Baada ya hapo yalifuata mambo yanayofahamika. Mwaka 1920 Pope na Young waliwinda dubu wakubwa katika hifadhi ya Yellowstone kwa upinde. Mwaka 1923 Pope alitoa kitabu kilichowasha moto wa uwindaji wa upinde Marekani nzima. Mwaka 1925 yeye, Young na mwandishi Stewart Edward White walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa mishale, bunduki zikiwa tayari pembeni. Mwaka uliofuata Pope alifariki. Mwaka 1961 Glenn St. Charles na wenzake walianzisha klabu ya wawindaji wa upinde, nayo ikaitwa Pope and Young.

Klabu hiyo ina tuzo yake ya juu kabisa inayoitwa Tuzo ya Ishi. Mtu akisikia hivyo anaweza kusema kwamba basi mwalimu amekumbukwa. Lakini tuzo hiyo hutolewa kwa mnyama wa kipekee kwa vipimo vyake, pembe au fuvu. Ishi aliwinda ili ale, akatumia nyama, ngozi, kano na pembe, na hakuna mahali popote panapoonyesha kwamba alipima pembe za mnyama ili ashindane na mtu. Ninaona kwamba jina lake limeheshimiwa na mafundisho yake yameachwa, na kwangu hilo ni pungufu kubwa.

Swali langu kwenu ni hili: mtu anapokuwa mfano wa kuigwa katika upinde, anastahili hadhi hiyo kwa wanyama aliowaangusha au kwa yale yanayobaki kwa mwanafunzi wake? Na hapa kwetu Afrika Mashariki, walimu wetu ni akina nani?

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mwanzisha uzi, andiko lako limenigusa, lakini nina pingamizi ambalo naomba ulijibu kwa uzito wake. Pope hakuendelea kutumia upinde wa Ishi. Baada ya kujaribu pinde nyingi za makumbusho, alihitimisha kwamba upinde mrefu wa Kiingereza unarusha mbali zaidi, na huo ndio aliowindia. Hata uvutaji wake ulikuwa wa vidole vitatu, ilhali Ishi alivuta kwa dole gumba. Tena Pope mwenyewe aliandika kwamba Ishi hakuwa hodari wa kulenga shabaha za mbali za mashindano. Ikiwa mwanafunzi ameacha upinde wa mwalimu, ameacha uvutaji wake, na anamshinda kwa shabaha, ni kitu gani basi alichofundishwa?

Mwanzisha uzi:

Mkuu, nashukuru, na pingamizi lako ni la haki kabisa.

Kila ulichokitaja ni kweli. Tena nitaongeza kwamba Pope alikuwa tayari kusema wazi wapi vifaa vya mwalimu wake vilikuwa duni, jambo ambalo wanafunzi wengi huliogopa. Lakini angalia aina ya ushindani uliomfanya Ishi aonekane dhaifu: shabaha ya duara iliyosimamishwa uwanjani kwa umbali ambao mwindaji wa Kiyahi asingefikiria hata kuachia mshale. Kwa umbali mfupi, kwa kichakuro aliyechungulia kutoka shimoni, Ishi alikuwa mtu mwingine. Ujuzi wake ulikuwa katika kuufupisha ule umbali, kwa kujua upepo unatoka wapi, mnyama atapita wapi, na ni wakati gani wa kutulia bila kutikisa hata kidole.

Hicho ndicho alichorithi Pope, na hakimo ndani ya mti wala ndani ya upote. Ukisoma namna Pope na Young walivyowinda kulungu baada ya 1916, utaona subira ambayo hawakuipata kwa Waingereza wa uwanja wa shabaha. Mwalimu mwema hakuachii nakala yake. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama Pope angeuiga upinde wa mreteni mpaka kwenye kila kano, kisha akawa anapiga kila kinachojitokeza kwa pupa.

Mchangiaji wa pili:

Wakuu, mimi natokea upande wa Mbulu, nikiwa na ndugu walioishi miaka mingi jirani na bonde la Yaeda. Naomba nichangie kuhusu Wahadzabe, kwa kuwa swali la mwisho la mwanzisha uzi linatuhusu moja kwa moja.

Huko hutamkuta mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja kama Ishi na daktari wake. Mtoto wa kiume anapata kiupinde chake akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, kikiwa kimechongwa na baba au ndugu mkubwa, na tangu siku hiyo hakimtoki mkononi. Anapiga matunda, mijusi, ndege. Akikua kidogo anatoka na kundi la wavulana wenzake, wakubwa kwa wadogo, na wale wakubwa ndio shule yake. Hakuna anayesimama kumweleza shika hivi, vuta hivi. Anatazama, anajaribu, anachekwa, anajaribu tena. Jioni wanaume wakikaa kando ya moto wakinyoosha mishale kwa meno na kwa joto la makaa, mtoto amekaa hapo hapo akiokota vipande na kutengeneza vya kwake.

Upinde wa mtu mzima si mchezo. Wastani wa uzito wa kuuvuta unafika kilo 30 hivi, na upote ni wa kano za mnyama. Ana mishale ya ncha ya mti kwa ndege na wanyama wadogo, na ya ncha ya chuma kwa wakubwa. Chuma hicho mara nyingi ni misumari iliyofuliwa kwa kugongwa juu ya jiwe, au vigumba vilivyopatikana kwa wahunzi wa Kidatoga. Kwa mnyama mkubwa hupakwa sumu ya mimea, na mojawapo inatokana na utomvu wa waridi la jangwani. Kiangazi kinapokaza, wanaume wawili wawili hukaa usiku kuvizia kwenye maji.

Na hadhi ya utu uzima haitolewi kwa pembe. Mwanaume akishaua mnyama mkubwa anaruhusiwa kula pamoja na wanaume wenzake sehemu fulani za nyama inayoitwa epeme, na nyama iliyobaki inagawanywa kambini. Kwa hiyo anayeigwa ni yule ambaye watu wake wanakula. Hapo nadhani nimejibu swali lako la kwanza pia.

Mchangiaji wa tatu:

Nami naandika kutoka Kilifi. Hadithi ya Wahadzabe ina faraja kwa sababu mnyororo wao haujakatika. Kwa Wawaata wa ukanda wa Tsavo na Galana, ambao wengi huwaita Waliangulu, mambo yalikuwa magumu zaidi.

Hawa walikuwa wawindaji wa tembo kwa upinde. Pinde zao zilikuwa miongoni mwa pinde nzito kabisa zilizowahi kupimwa katika Afrika, zikihitaji zaidi ya kilo 45 kuvutwa, na mshale uliopakwa sumu ya mti wa mchungu, ambayo Wagiriama walisifika kwa kuipika, ulimfikia tembo kutoka hatua chache tu. Sumu ile hukausha nguvu ya moyo. Mshale wenyewe ulifungwa ngozi sehemu iliyopakwa ili sumu isikauke na isimdhuru mbebaji. Fikiria mtu anayemkaribia tembo kiasi hicho, akijua upepo ukigeuka hana pa kukimbilia, kisha fikiria ni miaka mingapi ya kumfuata baba au mjomba ndipo mtu afike hapo.

Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948 juu ya maeneo yao ya kuwinda. Katika miaka ya 1950 kukawa na kampeni kali dhidi ya ujangili iliyoongozwa na maofisa wa hifadhi akina David Sheldrick na Bill Woodley, na wawindaji mahiri wakapelekwa jela mmoja baada ya mwingine. Sikatai kwamba pembe za ndovu zilikuwa zikiuzwa kwa walanguzi na kwamba tembo wengi walikuwa wakiuawa. Lakini hao hao waliowakamata walikiri ujuzi wao, na mpango wa Galana wa mwaka 1960 ulikusudiwa kuwapa Wawaata kazi halali ya kuvuna wanyama kwa kiasi. Haukuwafaa kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote.

Turudi nyuma kidogo: mwaka 1950, wakati mwindaji wa Kiwaata alikuwa anaelekea kuitwa jangili, Howard Hill alikuwa barani Afrika akipiga picha za filamu ya kumwinda tembo kwa upinde, na ulimwengu ukamsifu. Sisemi Hill hakuwa stadi, maana alikuwa stadi mno. Ninasema kwamba vijana wetu wakitafuta picha ya mtu aliyemwangusha tembo kwa mshale, wanamwona yeye, na hawamwoni mzee wa Kiwaata.

Mwanzisha uzi:

Ndugu wa Kilifi na ndugu wa Mbulu, Mungu awazidishie. Mmeeleza nilichokuwa nakitafuta kwa ufasaha kuliko nilivyokieleza mimi.

Maelezo ya Wahadzabe yamenifanya nitazame tena jambo la Ishi. Kilichomfanya awe mwalimu wa mtu mmoja mmoja ni kwamba hakuwa na watoto wa kambini wa kumtazama. Alikuwa wa mwisho. Laiti watu wake wasingeuawa, ujuzi wake ungepita kwa vijana wa Kiyahi kando ya moto, bila daktari wala daftari, na huenda sisi tusingelijua jina lake kabisa. Tunamjua kwa sababu ya msiba. Kwa hiyo tunapomtukuza kama mwalimu wa uwindaji wa upinde wa Marekani, tusiache kutaja kwa nini alijikuta anamfundisha mgeni.

Kuhusu Wawaata, ningependa sana wale wenye wazee waliobaki wawarekodi sauti wakieleza kuchonga upinde, kuchagua mti, kusoma nyayo. Kueleza na kuchonga hakuvunji sheria yoyote.

Mchangiaji wa nne:

Shikamooni wakubwa. Mimi ni kijana, naishi Dar es Salaam, na nimependa upinde kupitia video za mtandaoni. Sina mzee wa Kihadzabe wala wa Kiwaata wa kunifundisha. Je, mtu kama mimi anaweza kujifunza bila mwalimu? Na ni yupi kati ya hawa wote mngenishauri nimwige?

Mwanzisha uzi:

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza la sheria, ili usije ukaingia matatani: Kenya uwindaji umekatazwa, na Tanzania kuwinda bila leseni ni kosa la jinai. Anza na shabaha ya nyasi au gunia la mchanga, mahali salama, nyuma yake kukiwa na tuta.

Video zitakuonyesha mkono unavyokaa, na hapo zinafaa. Zisichoweza kufanya ni kukutazama wewe. Usijifunze peke yako. Tafuta hata mwenzako mmoja mnayeanza naye, kila mmoja amtazame mwenzake akivuta na amwambie ukweli, kama wale wavulana wa Yaeda. Anza na upinde mwepesi, kilo 12 hadi 15, usiikimbilie kilo 30 ya Mhadzabe aliyeuvuta tangu utotoni. Utaumiza bega na kuzoea kuachia mshale kabla hujatulia. Jizoeze kwa hatua kumi mpaka mishale yote iketi pamoja, ndipo urudi nyuma hatua mbili.

Ukipata nafasi ya kwenda ukanda wa Eyasi wanakoishi Wahadzabe, usiende kama mtalii wa saa mbili anayepiga picha na upinde kisha anaondoka. Pitia kwa viongozi wa kijiji, lipa kinachostahili, kaa siku kadhaa, na uombe kukaa na wanaume wanapotengeneza mishale. Usiombe kwanza kupelekwa kuwinda.

Kuhusu wa kumwiga, mimi ningemchukua Pope kwa daftari lake, yaani ule uangalifu wa kuandika kila alichoonyeshwa na kumtaja aliyemwonyesha, na ningemchukua Ishi kwa mengine yote. Anza daftari lako wiki hii. Ukurasa wa kwanza andika jina la kila mtu atakayekufundisha kitu chochote kuhusu upinde, hata kama ni kufunga upote tu.

Ndugu wa Mbulu, kama unaweza, tueleze ni miti gani Wahadzabe wanapendelea kwa upinde na ipi kwa mishale, na wanaikata msimu gani. Wengi hapa watataka kujua kabla hawajashika panga.